Cheti cha Akili za Kuonea Kimondo

TANGAZO KWA WANAFUNZI WOTE WA KIDATO CHA TATU

Kwa kuwa Kimondo cha Mbozi ni jiwe lililotoka angani. Na kwa kuwa wataalamu wanashauri kwamba mtu mwenye mawazo yaliyombana kifuani asilikaribie ghafla. Ofisi ya Mkuu wa Shule inaagiza kwamba kila atakayesafiri kwenye ziara ya Jiografia awe na Cheti cha Akili Timamu. Cheti kitatolewa na Mwanasaikolojia wa Shule baada ya mazungumzo yasiyopungua saa moja. Asiye na cheti atabaki shuleni kumwagilia kabichi.

Limetolewa kwa mamlaka niliyonayo.

Mamlaka niliyokuwa nayo siku hiyo ni haya: nusu kiazi, wembe, wino wa kalamu mbili za zambarau, na ndoo iliyogeuzwa kichwa chini nyuma ya bweni la wavulana, ambayo ndiyo nilikuwa nimeikalia. Kiazi nilikichonga kikawa muhuri. Herufi zilitoka vizuri. Twiga wa nembo ya shule alitoka kama mbuzi aliyevutwa shingo, lakini nilijipa moyo kwamba watu wengi hawasomi muhuri, wanaangalia kama upo. Karatasi isiyo na muhuri, kwetu, ni ya kufungia maandazi. Ukishaigonga duara la zambarau, hata mwalimu anaishika kwa mikono miwili.

Naomba nieleweke. Sikufanya hayo kwa utundu. Nilifanya kwa huruma, na huruma yangu ilikuwa na misingi ya kisheria.

Shuleni kwetu, kwenye baridi ya milima ya Iringa, alikuwa amekuja Madamu Sabina, Mbena wa Njombe, kijana bado, mwenye sweta la kijani na chupa ya chai isiyoisha. Yeye hakufundisha somo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza shida za watu, na alikuwa bado hajapata leseni. Mtu akitaka kuuza maandazi anahitaji unga na mafuta. Anayetaka kusikiliza shida za watu anahitaji karatasi nyingi kuliko dereva wa lori la Zambia. Shahada alikuwa nayo. Mitihani alishafaulu. Kilichobaki ni mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi, na ndani ya mwaka huo afikishe saa sabini za mazungumzo na wateja. Mteja aje kwa hiari yake. Anachosema mteja kisitoke nje ya chumba. Na mwisho wa mwaka msimamizi wake, Daktari Yusta, aje kutoka Mbeya kukagua daftari, akabidhiwe na barua ya mkuu wa shule inayosema kwamba huyu mtu anafaa. Kikikosekana kimoja, mwaka unaanza upya, tena mahali pengine, kama atapata mahali.

Hayo yote nayajua kwa sababu yalibandikwa ukutani ofisini kwake, na mimi kila Alhamisi jioni nilikuwa nafanya usafi humo. Nafagia huku nasoma.

Kufikia katikati ya Oktoba, Madamu Sabina alikuwa na saa tisa.

Si kwamba sisi hatukuwa na shida. Watu mia nne wanalala kwenye vitanda vya dabodeka, wanakula maharage siku sita na makande siku ya saba, halafu uniambie hawana shida. Tatizo lilikuwa ofisi yenyewe. Upande wa kushoto palikuwa kwa Mwalimu Saulo, mwalimu wa nidhamu. Upande wa kulia, stoo ya majembe. Ukionekana umekaa kwenye benchi la nje, linalotumiwa na milango yote mitatu, watu wanajua ama umepatikana na kosa, ama umekwenda kuazima jembe. Na kama huna kosa wala jembe, basi wewe kichwa chako kimelegea skrubu. Muhula uliopita dada mmoja wa kidato cha pili aliingia kuomba tu kuchaji simu ya mwalimu, akaitwa Mgonjwa mpaka likizo.

Kwa hiyo nilibandika matangazo mawili, moja bweni la wavulana, moja bweni la wasichana. Saa kumi na mbili jioni yalikuwa ukutani. Saa moja usiku prepo, masomo ya jioni, ilikuwa haisomeki.

"Oya Mihayo," rafiki yangu Fanueli aliniambia, kanizibia mwanga wa taa, "umeona hili la kimondo?"

"Nimeona."

"Mimi sina shida yoyote ya akili. Sasa nikakae saa nzima naongea nini?"

"Tafuta shida."

"Niitoe wapi usiku huu?"

Fanueli ni Mhehe wa Kilolo, mrefu, mpole, anayeamini kila kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Tangu kidato cha kwanza analala kitanda cha chini, mimi cha juu, na kila asubuhi anauliza kama ng'ombe wangu wameamka salama, kwa sababu mimi ni Msukuma na kwake Msukuma bila ng'ombe ni kama trekta bila matairi. Nilimwambia nitamwazima shida moja.

"Ipi?"

"Ndoto. Kila usiku unafukuzwa na sufuria la makande, limeota miguu."

Akaifikiria kwa heshima yote. "Sufuria kubwa au dogo?"

"La jikoni. Lile la kubebwa na wanaume wanne."

Akaliandika kwenye daftari la Kemia ili asisahau.

Asubuhi ya Jumatatu foleni ilianzia mlangoni kwa Madamu Sabina, ikapita mbele ya Mwalimu Saulo, ikazunguka stoo ya majembe na kuishia kwenye mabomba ya maji. Wa kwanza alikuwa Benedicta, dada mkuu msaidizi, anayeongoza darasa na kutuambia kila siku kwamba anaongoza darasa. Mwalimu Saulo alitoka, akaangalia foleni ile yote inamtazama yeye, akarudi ndani akafunga mlango. Nadhani alifikiri tumekuja kugoma.

Madamu Sabina alifika na chupa yake ya chai. Akasimama.

"Kamweneni," alitusalimia Kibena. "Kuna nini?"

"Shikamoo madamu," tuliitikia kama kwaya. "Tumekuja kwa hiari."

Hiyo ya hiari niliifundisha mimi. Nilipita prepo nzima usiku nikiwakumbusha watu.

Benedicta akampa tangazo, alilokuwa amelibandua kwa usalama. Madamu alisoma mara mbili. Alipofika kwenye muhuri akausogeza karibu na macho, akamwangalia yule mbuzi mwenye shingo ndefu, kisha akajifunika mdomo na mtandio akakohoa kikohozi kirefu sana ambacho hakikuwa kikohozi. Akalikunja tangazo, akalitia kwenye mkoba. Akamwambia Benedicta apite.

Mimi nilikuwa wa arobaini na moja. Niliridhika na mahali hapo. Kiongozi wa kweli hatangulii.

Sasa nieleze kilichotokea ndani, kwa jinsi nilivyokuja kuambiwa na karibu kila mtu. Madamu alikuwa anamkalisha mtu, anammiminia chai, anamwambia waziwazi: "Cheti hicho hakipo. Safari yako haina masharti. Mlango huo hapo, ukitoka sasa hivi hakuna atakayekuuliza. Ukitaka kukaa, kiti ni chako mpaka saa iishe." Halafu anakunywa chai yake.

Benedicta alipoambiwa hivyo alisimama. Akafika mlangoni. Akarudi akakaa. Alitoka baada ya saa moja na dakika kumi, macho mekundu na uso umenyooka kama shuka lililopigwa pasi, na sote tulimzingira.

"Vipi, umepata?"

"Cheti hakuna," alisema. "Ni uongo wa mtu."

Moyo wangu ulidondoka kwenye soksi. Nikaona mwisho wa mradi, foleni inavunjika, saa zinabaki kumi. Lakini Benedicta akaongeza, huku anafunga kamba ya kiatu isiyohitaji kufungwa: "Mimi nimejiandikisha tena Ijumaa."

Watu wakatazamana. Ikiwa Benedicta anaweza kukaa saa nzima mle ndani akatoka bado ni Benedicta, basi kukaa mle ndani si ugonjwa. Foleni haikuvunjika. Wapo kama wanane walioondoka. Watatu kati yao walirudi baada ya chakula cha mchana wakidai wamesahau kofia.

Fanueli aliingia Jumatano na sufuria lake. Nilimsubiri kwenye mabomba, nimejiandaa kucheka. Alitoka anatembea polepole, akapita pembeni yangu.

"Umemwambia la makande?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema ndoto nzuri, na ya nani?" Fanueli alinawa uso, akakaa na maji yanamtiririka. "Halafu akauliza mimi huwa naota nini. Mihayo, unajua sijaongea na mdogo wangu tangu Pasaka? Tuligombana kwa ajili ya redio. Redio yenyewe mbovu."

"Sasa?"

"Sasa niambie patroni ana vocha au hana."

Jioni ile nilimsikia akipiga kelele kwenye simu ya patroni, kwa Kihehe, anacheka mpaka anakosa pumzi. Sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba alirudi bwenini akala sahani yake na ya kwangu bila kuomba radhi.

Wiki ya kwanza ikaisha, ikaingia ya pili. Kila mtu alishajua kwamba cheti ni uongo, na orodha mlangoni ilizidi kurefuka. Mambo yaligeuka upande: sasa asiyekwenda ndiye aliyeonekana ana jambo. Wavulana wa timu ya mpira walikwenda wakiwa na jezi. Kuna jamaa mmoja wa bweni letu, mbabe, aliyeng'oa mlango wa choo kwa bega, alitoka mle amebeba kikombe cha chai kwa vidole viwili na tangu siku hiyo anasalimia. Mpaka mpishi mkuu alipeleka maombi, akaambiwa wanafunzi kwanza.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Sosthenes, mtu wa suti na mhubiri mzuri kanisani, aliiona foleni ile akaipenda sana. Mstarini alisema kwamba anafurahi kuona vijana wamekomaa, na kwamba hayo ni matunda ya uongozi. Hakutaja uongozi wa nani, lakini alirekebisha tai.

Alhamisi ya wiki ya tatu, mzazi mmoja alipiga simu kutoka Mbalizi. Ni baba yake Violet, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu makini. Alitaka kujua kama kile cheti cha kimondo cha binti yake kinahitaji picha ya pasipoti, na kama kinahitaji, ziwe ngapi, na nyuma yake iwe bluu au nyeupe.

Mkuu alihamisha simu sikio la pili. Akauliza cheti gani. Akasomewa tangazo lote, maana Violet alilinakili kwenye barua kwa mwandiko mzuri. Baada ya nusu saa karatasi ya pili, ile ya bweni la wavulana, ilikuwa mezani kwake, na yule mbuzi wangu anamtazama.

Ijumaa asubuhi tuliitwa mstarini. Baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Mkuu alishika karatasi juu.

"Huu," alisema, "ni muhuri wa ofisi yangu?"

Nyuma yangu mtu alisema taratibu, "Ni mbuzi," na mstari mzima ukatikisika.

"Kughushi muhuri wa shule ni kosa la kufukuzwa. Aliyefanya hivi ajitokeze."

Nilikuwa na mpango wa kujitokeza. Lakini miguu yangu ilikuwa na mpango tofauti, na yenyewe iko miwili. Nikabaki.

Mkuu akageuka upande wa walimu. "Madamu Sabina. Wewe umekaa na watoto hawa, mmoja mmoja, wiki tatu. Hakuna aliyekutajia?"

"Wamenitajia, Mkuu. Wengi tu."

"Kwa hiyo unamjua."

"Namjua."

"Ni nani?"

Madamu alikuwa ameshika chupa yake ya chai kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. "Samahani, Mkuu. Waliniambia mle ndani. Siwezi kulitoa jina."

"Mimi ndiye mkuu wa shule hii, Madamu."

"Nakuheshimu sana, Mkuu. Lakini hata wewe ungeingia mle ukaniambia jambo, Mwalimu Saulo asingelipata kwangu."

Mwalimu Saulo aliangalia viatu vyake. Watu wengine baadaye walisema aliona haya kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa namba ya thelathini na kitu kwenye orodha ya Madamu, lakini hilo mimi sina ushahidi nalo.

"Daktari Yusta anafika saa nne," Mkuu alisema, sasa kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo mbaya. "Barua yako iko mezani. Siwezi kusaini kwamba unashirikiana vizuri na uongozi, halafu unanificha mhalifu. Jina likija, nasaini. Lisipokuja, sisaini. Uamuzi ni wako."

"Nimeelewa, Mkuu," alisema Madamu Sabina. Hakuangalia upande wangu hata kidogo. Aliangalia mlingoti wa bendera, vizuri, kama anauhesabu.

Tuliporuhusiwa Fanueli alinishika mkono wa sweta.

"Kakiri."

"Natafakari."

"Tafakari ukiwa unatembea. Sasa hivi ni saa tatu na nusu. Yule madamu ana mwaka mzima pale mezani, na wewe una makalio tu."

"Nikifukuzwa je?"

"Utachunga ng'ombe. Si umezoea?" Halafu akaona sijacheka, naye hakucheka. "Twende. Nitakuwa shahidi wako."

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba mbuzi alikuwa twiga."

Ofisini tulikuta watu wanne. Mkuu nyuma ya meza. Mwalimu Saulo dirishani. Madamu Sabina kwenye kiti cha wageni, mikono magotini. Na Daktari Yusta, mama wa makamo mwenye kitenge na miwani ya kamba, amefika mapema, daftari la saa limefunguliwa mapajani, anasoma kwa kidole.

"Shikamooni," nilisema. "Mheshimiwa Mkuu, ndugu walimu, mgeni wetu mpendwa. Nimekuja kwa hiari."

"Mihayo," alisema Mwalimu Saulo, kama mtu aliyeona mvua aliyoitabiri.

Nikajieleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na nisijisifu, yalikuwa maneno mazuri. Nilisema kwamba mimi ndiye nilichonga kiazi. Nilisema kwamba sikusukumwa na maslahi yangu binafsi. Nilisema kwamba niliona mtumishi mwema akikosa haki yake kwa sababu ya benchi baya, nikaguswa, nikachukua hatua ambayo huenda haikufuata taratibu lakini ilifuata utu. Nilitaja utu mara tatu. Nilimalizia kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi, na barua ya Madamu isainiwe, na historia itahukumu.

Fanueli alisema, "Na mbuzi ni twiga," akatimiza ahadi yake.

Mkuu alivua miwani. Lakini aliyezungumza ni Daktari Yusta.

"Sabina, hizi saa za baada ya tangazo. Ulijua walikuja kwa kudanganywa?"

"Nilijua kuanzia wa kwanza, mama. Kila mmoja nilimwambia cheti hakuna. Walioondoka sikuwaandika. Waliobaki nilianza kuwahesabia tangu walipobaki."

"Ndiyo maana hapa pameandikwa dakika arobaini na nane, hamsini na mbili." Daktari alitikisa kichwa taratibu. "Sabini zimetimia. Na jina hili kijana amelileta mwenyewe, si wewe."

"Si mimi."

Daktari akamgeukia Mkuu. "Mwalimu Sosthenes, mimi nilikuja na maswali kumi na mbili ya kumuuliza huyu binti kuhusu kutunza siri. Naona umeniulizia yote asubuhi, mbele ya watu mia nne. Nakushukuru, nimeokoa muda."

Uso wa Mkuu ukaanza kulegea kuanzia kwenye mashavu. Alivuta barua, akasaini, akagonga muhuri, ule wa kweli. Nilichungulia. Twiga wa kweli naye, kusema haki, ana kasoro za shingo.

Madamu Sabina alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibeba tangu Januari. Akacheka, kicheko kile kile cha kikohozi, ila sasa hakukifunika. Fanueli akanipiga bega. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu wanaopewa nishani.

"Swali moja tu," alisema Mwalimu Saulo kutoka dirishani. "Haya masharti ya Madamu, saa sabini, hiari, barua. Wewe uliyajuaje?"

"Yamebandikwa ukutani, mwalimu. Huwa nayasoma Alhamisi nikifanya usafi ofisini kwake."

Mwalimu Saulo ndiye anayepanga ratiba ya usafi ya shule nzima. Nilikumbuka hilo nilipokuwa tayari nimeshafika kwenye neno "usafi".

"Ofisi ile haimo kwenye ratiba," alisema. "Madamu anafagia mwenyewe. Wewe muhula mzima nimekupanga banda la nguruwe."

"Sasa ndiyo naelewa," alisema Fanueli, kwa nia njema kabisa, "kila Alhamisi unarudi unanukia chai."

Daktari Yusta alirudisha kurasa za daftari nyuma, kwa kidole, mpaka mwanzo. Najua alichokiona kwa sababu nilishawahi kukiona: saa tisa za kwanza, kabla ya tangazo lolote, wiki tisa, kila Alhamisi jioni, na mbele ya kila mstari namba ya mteja ile ile, moja. Akalifunga daftari.

Nilimwangalia Madamu Sabina. Alikuwa anaangalia ukuta kama alivyouangalia mlingoti asubuhi. Ningesema wakati wa usafi nilikuwa naiba sukari yake, angenyamaza. Ningesema chochote angenyamaza, na angeendelea kunyamaza mpaka nizeeke. Ningeweza kutoka mle na utu wangu mara tatu.

"Sikuwa nafagia," nilisema.

Sikuwa na maneno niliyopanga, maana hayo nilishayamaliza.

"Zile tisa ni zangu. Desemba iliyopita nilishuka basi Igawa, nikatembea mpaka nyumbani, Usangu, nikakuta hakuna nyumbani. Zizi lipo, ng'ombe hawapo. Majani yameota jikoni. Wazee walikuwa wamehamia Rukwa na mifugo, barua ikapotea njiani. Wako salama, Mkuu, tunaongea kwenye simu, likizo nakaa kwa mjomba, Soweto, Mbeya, nakula vizuri. Sijapoteza mtu. Ila tangu hapo naamka saa kumi alfajiri naenda dirishani kuangalia kama shule bado ipo."

Fanueli alisema polepole, "Mimi nilifikiri unaenda kukojoa."

"Naenda kuangalia shule."

"Ipo?"

"Mpaka leo ipo."

Mwalimu Saulo alikohoa. Mkuu hakuvaa miwani yake.

"Na tangazo," niliendelea, kwa sababu nikiwa nimeshakamatwa hivyo, kilichobaki kilikuwa kinajitoa chenyewe, "sikuandika kwa huruma. Madamu nampenda, lakini sikuandika kwa ajili yake. Wiki tisa nilikuwa nazunguka nyuma ya jiko, napita katikati ya kuni, nanyata kwenye stoo ya majembe, naingilia dirishani ili mtu asinione nimekaa kwenye lile benchi. Suruali mbili zimechanika. Nilichoka, Mkuu. Nilitaka na mimi siku moja nipite mlangoni, mchana, kwenye foleni, katikati ya watu, mtu akiniuliza unakwenda wapi nimwambie, 'Naenda kwa Madamu Sabina, kama wewe.'"